Wajina Wangu Yuko Homa Bay

Jumatano alasiri, Mfangano, 1996

Siku ya tatu. Upepo umevuma tangu asubuhi, mabati yanapiga kelele, na mimi nimelala, nimeketi, nimesimama, kisha nimelala tena. Chumba changu ni hatua sita kwa nne. Nimezihesabu mara nyingi kuliko inavyomfaa mtu mzima mwenye kazi yake.

Sikufungiwa na mtu. Komeo la mlango liko upande wangu wa ndani, na hilo ndilo linaloniudhi zaidi, maana ningefungiwa kwa kufuli ningekuwa na wa kumchukia. Daktari aliniambia tu: siku tano za vidonge, usimkaribie mtoto yeyote, chakula utawekewa mlangoni. Aliyasema kwa ile sauti ya upole ninayoitumia mimi kwa akina mama wabishi.

Mimi ndiye muuguzi wa zahanati hii. Miaka mitatu nimewachanja watoto wa upande huu wa kisiwa, nimewapima uzito, nimewazalisha mama zao. Chumba ninachoishi kimeshikana na chumba cha kliniki, ukuta mmoja tu katikati. Na leo ni Jumatano, siku ya kliniki.

Kwa hiyo nimesikia kila kitu.

Nimesikia mizani ikitundikwa na watoto wakianza kulia kabla hata hawajavuliwa nguo. Nimemsikia Mama Risper, msaidizi wetu, akiwapanga watu: wenye watoto wanaokohoa wabaki nje bandani, wasiokohoa waingie. Nimemsikia Daktari, aliyevuka kutoka Mbita kuja kushika nafasi yangu, akieleza kifaduro kwa Dholuo safi ambayo mimi Mkuria sitaifikia hata nikizeeka hapa. Mtoto akikohoa mfululizo bila kupata nafasi ya kuvuta pumzi, halafu mwishoni avute hewa kwa mlio, halafu atapike, mleteni. Msimnunulie dawa ya dukani mkangoja. Na akiwa mchanga wa miezi miwili mitatu, msisubiri huo mlio, kwa sababu wadogo hawana nguvu ya kuutoa. Wao hunyamaza tu, midomo ikabadilika rangi. Huyo aletwe mbio.

Maneno hayo ni yangu. Nimeyasema mwenyewe kwa Kiswahili, Mama Risper akitafsiri, katika chumba hicho hicho, nimesimama mbele ya akina mama hao hao, huku nikikohoa pembeni na kuomba radhi.

Kama saa nne hivi nilimsikia mmoja. Kikohozi kilianza kama cha kawaida, kisha kikashika kasi, kikakata, kikashika tena, na mwisho ukaja ule mlio, kama kijogoo kinachojifunza kuwika. Huyo alikuwa mkubwa, wa miaka mitatu au minne. Sikushtuka sana. Kilichonishtua ni kingine kidogo kilichofuata kando yake, vikohozi vitano sita vyepesi, kisha kimya.

Niliruka kitandani. Nikaupiga ukuta kwa viganja vyote viwili. "Mama Risper! Huyo mdogo! Mwangalie midomo!"

Halafu Daktari akajibu kutoka upande wa pili, bila haraka: "Nimemuona, Sista. Ni mafua tu. Ananyonya huyu. Pumzika."

Ananyonya. Nilirudi kitandani nikajifunika leso usoni kwa aibu. Wanawake walicheka kidogo, si kwa ubaya, na mimi nililia kidogo, nayo si kwa ubaya. Nimechoka kusikia mambo ambayo siwezi kuyafanyia lolote.

Acha niandike yote, tangu mwanzo, kwa sababu nimekuwa nikiyazungukazunguka kichwani kwa siku tatu na hayaishi.

Zaidi ya mwezi mmoja uliopita nilienda Remba na sanduku la chanjo. Remba ni kisiwa kidogo mno, vibanda vya mabati vimebanana hadi majini, na watu wake hawakai. Omena, wale dagaa wa ziwani, wakihama nao huhama. Mama anampeleka mtoto kwa chanjo ya kwanza Remba, ya pili inamkuta kambi nyingine, ya tatu haimkuti kabisa, na kadi yake ya kliniki imekaa chini ya godoro la shangazi huko Migori. Nilikuta watoto wengi wanakohoa. Nilimshika mmoja ambaye mama yake alikuwa akianua omena, na alinikoholea usoni, kabisa kabisa, hadi nikafuta macho. Nilicheka. Nikamwambia mama yake huyu ana kifaduro, nikampa dawa, nikamwandikia barua ya kwenda hospitali. Kazi nzuri. Nilijisifu njia nzima ya kurudi.

Siku kama kumi baadaye nikaanza mafua. Kisha kikohozi kikavu, kile cha kukukaba ukiwa umeshaanza kusahau. Nilisema ni vumbi la omena. Nilisema ni moshi wa samaki. Wiki ya pili nilisema ni baridi ya ziwani. Sikusema hata mara moja kwamba ni kifaduro, kwa sababu kichwani mwangu kifaduro kilikuwa ugonjwa wa watoto na mimi nilikuwa mwenye sindano.

Nawaambia akina mama kila wiki kwamba kikohozi kikipita wiki mbili waje waangaliwe. Changu kilikuwa kinakaribia wiki ya nne wakati Daktari aliponiuliza, Jumatatu, huku akinitazama juu ya miwani yake: "Na wewe, Sista, hicho kikohozi umekuwa nacho kwa muda gani?"

Nilihesabu kwa vidole. Alinisubiri nimalize.

Alikuja Jumatatu kwa sababu ya Boke. Na hapa ndipo kalamu inakuwa nzito.

Boke ni jina langu. Pia ni jina la mtoto wa Akinyi, mke wa Ouma mvuvi, nyumba ya tatu kutoka zahanati. Nilimzalisha Akinyi siku chache tu baada ya kurudi Remba. Mtoto alitoka na kitovu kimemzunguka shingo, nikakitoa, nikamsugua mgongo, akalia. Bibi yake, mama yake Ouma, aliuliza nyumbani kwetu wanaitaje msichana aliyezaliwa baada ya kaka, nikajibu kwa mzaha kwamba wanamwita mimi. Kesho yake nikaambiwa Akinyi amemwita mtoto Boke. Kisiwa kizima cha Waluo na Wasuba, na humo ndani kuna mtoto mmoja mwenye jina la Kikuria.

Nilifurahi sana. Siwezi kuandika kiasi gani. Miaka mitatu nimeitwa Sista, na ni heshima, lakini Sista ni kazi. Kuanzia siku hiyo Akinyi alikuwa akinipigia kelele njiani, "Wajina wake mtu anapita bila kusalimia?" Nikawa na nyumba ya kuingia jioni, na kikombe changu, na mtoto wa kumpakata. Niliingia karibu kila siku. Nikikohoa niligeuza uso ukutani.

Jumapili Akinyi alikuja mbio, mtoto mkononi, midomo ya mtoto rangi ya wino. Alikuwa na wiki tano. Chanjo ya kwanza huanza wiki ya sita. Hakuwa amekosa kitu, mama yake hakuwa amechelewa kitu. Kwa umri ule kinga yake ilikuwa sisi wakubwa, tusimkoholee.

Nilimlaza kwenye mkono wangu kifudifudi, nikamfuta makamasi, nikamsugua, akavuta pumzi. Akanyamaza tena, nikamsugua tena. Tulipata boti ya wanunuzi wa samaki iliyokuwa inaondoka na barafu. Nikamwonyesha Akinyi namna ya kufanya njiani mtoto akinyamaza, yeye na Ouma wakaenda Mbita, kisha hospitali ya Homa Bay. Nilisimama pwani hadi nilipoacha kuisikia injini. Nilikuwa bado sijajua. Au nilikuwa nimeanza kujua na sikutaka.

Leo saa sita nimesikia mtu akibisha dirishani.

Alikuwa Ouma. Amerudi kuchukua nguo za mkewe na sufuria. Nilimwambia asimame mbali, pale penye kamba ya kuanikia nguo, akasimama, kofia mkononi. Macho mekundu. Hajalala tangu Jumapili.

"Mtoto ako hai," akasema, hata sijamuuliza. "Bado wamemuekea hewa. Jana alisimama kupumua mara mbili. Leo bado hajasimama. Daktari wa huko anasema tungoje tu."

Nikamshukuru Mungu kwa sauti. Nikashika nondo za dirisha.

"Akinyi amenituma kwako, Sista. Amesema nisirudi bila wewe. Anasema ile baraka ulimpatia mtoto pengine ilikuwa kidogo, haikushika. Ukuje umpatie ingine."

Ile baraka. Ilikuwa siku ya kumtembelea mtoto rasmi, akiwa na zaidi ya wiki mbili. Nilipeleka sukari, sabuni na shuka. Bibi yake alikuwa amevaa vizuri kunisubiri. Tulipomaliza chai alimfunua mtoto kifua, akaniwekea magotini, akasema mwenye jina hubariki jina lake. Nilijua anataka nini. Hata kwetu, karibu na mpaka, nyanya yangu aliwabariki wajukuu hivyo hivyo: mate kidogo ya mzee mwenye maisha mazuri, kifuani na kwenye paji la uso, ili mtoto ayachukue maisha hayo. Nilipoondoka nyumbani kwenda chuo cha uuguzi alinibariki hivyo, na sikujifuta njia nzima.

Kifua kilikuwa kinaniwasha tangu asubuhi. Nilikuwa nimekohoa mara mbili nikipanda kwao. Niliwaza, sema hapana, sema una mafua, sema utakuja wiki ijayo. Nikamtazama yule mama mzee, na Akinyi, na majirani wawili walioitwa kuja kushuhudia. Kusema hapana kungekuwa kusema simtaki mtoto huyu. Nikainama. Nikamtemea mate kifuani, na kwenye paji la uso, nikamwombea maisha marefu. Wote wakaitikia.

Hakuna aliyenilazimisha. Naandika hili kwa herufi zile zile za kawaida ili nisije nikadai baadaye kwamba sikuliandika.

Na sasa baba yake alikuwa amesimama penye kamba ya nguo, ananiomba niende Homa Bay nikarudie.

Nilifikiri kumwambia siwezi kusafiri kwa sababu naumwa. Ingekuwa kweli. Angeondoka akiniombea nipone. Akinyi angeendelea kuamini kwamba baraka yangu ilikuwa ndogo, na mimi ningeendelea kuwa wajina mwema aliyezuiwa na kikohozi. Nilikuwa nimeshafungua mdomo kulisema hilo.

"Baba Boke," nikasema, "sikiza. Haikuwa kidogo. Ile baraka ndiyo imempa ugonjwa. Nilikuwa nakohoa hii kitu ya Remba. Mate yangu ilikuwa na ugonjwa, na pumzi yangu pia, zile jioni zote nilikuwa nampakata."

"Lakini wewe ni mtu mkubwa," akasema.

"Mkubwa anashikwa pia. Anakohoa tu, anaendelea na kazi. Mtoto ndiye anaumia."

"Na ulijua?"

Hapo ndipo nilipotaka chumba kiwe kidogo zaidi, kinifunike kabisa.

"Sikujua ni hii. Lakini nilijua ninakohoa. Na nilijua mtu anakohoa hapaswi kushika mtoto mchanga. Hiyo nilijua."

Hakunitukana. Nilikuwa nimejiandaa kutukanwa, nikaona hata hilo sitapewa. Alivaa kofia, akaivua tena. Nikamwambia, kwa sababu kazi ni kazi hata siku kama hii, kwamba asiondoke kabla hajapita kwa Daktari, yeye na mama yake na kijana wao mkubwa wapewe dawa wote nyumbani, hata asiyekohoa. Na kadi ya kijana aje nayo, nafikiri chanjo moja imebaki. Akaitikia kwa kichwa.

"Nitamwambia nini Akinyi?" akauliza.

"Mwambie ukweli."

"Mimi hapana." Alisema hivyo bila hasira. "Hiyo ni yako, Sista. Utamwambia wewe."

Alitembea hatua chache, kisha akarudi, akasogea karibu kuliko nilivyomruhusu.

"Na hiyo jina? Iendelee kukaa, ama tutafute ingine?"

Huku mtoto akilia siku nyingi bila kutulia watu husema jina limemkataa, na hutajiwa majina mengine hadi anyamaze. Ouma hakuwa ananikomoa. Alikuwa anauliza tu, kama mtu anayemuuliza muuguzi dawa iendelee au ibadilishwe. Nilisema sijui. Ni mara ya kwanza kumjibu mtu sijui kupitia dirisha hilo.

Alikwenda kwa Daktari. Nilimsikia ukutani akitaja majina ya watu wa nyumbani kwake, mmoja mmoja, na Daktari akiandika.

Sasa ni alasiri. Kliniki imekwisha, mizani imeshushwa. Nimemeza vidonge vya saa nane na tumbo linanisokota. Nimekohoa mara chache tu tangu asubuhi, na kila mara nimejiuliza ni nani mwingine. Jumatano nne. Watoto wote waliopita mikononi mwangu Jumatano nne, niliowaning'iniza kwenye mizani na kuwachekesha ili wasilie. Nimetoa kwa Daktari majina niliyoyakumbuka, na kwa yale niliyosahau atafuata daftari la kliniki, nyumba hadi nyumba. Hilo ndilo lililobaki la kufanya, na ananifanyia mtu mwingine. Mimi niko hapa na hatua zangu sita.

Sina huruma na mimi mwenyewe leo. Lakini pia nimegundua kwamba kujichukia ni kazi rahisi, haihitaji boti wala haihitaji kumtazama mtu usoni. Ningeweza kuifanya humu ndani mwaka mzima.

Ijumaa namaliza siku tano. Jumamosi nitavuka. Nitamkuta Akinyi kwenye wodi ya watoto, na nitasimama mahali anaponiona vizuri. Nitamwambia kabla hajanikabidhi mtoto, kwa sababu najua atanikabidhi, atamfunua kifua na kuniletea. Kuhusu jina, ni yeye aliyelichagua na ni yeye atakayeamua, na akiamua liondoke nitarudi Mfangano kuwa Sista.

Tatizo ni kwamba Akinyi hajui Kiswahili cha kutosha kwa jambo kama hili, na mimi sijui Dholuo ya kutosha. Yangu ni ya sokoni na ya kuzalisha. Najua kusema vua nguo, nyonyesha, njoo kesho. Sikuwahi kuhitaji zaidi.

Mama Risper alipoleta chakula nilimwomba, kupitia mlangoni, anifundishe sentensi moja. Nikamwambia ninataka kusema: ni mimi niliyeuleta ugonjwa huu.

Mama Risper ana mjukuu wa miezi minne, na Jumatano iliyopita nilimpima uzito mimi. Nilisikia akiweka sahani chini. Nilidhani ameondoka.

"An ema ne akelo tuoni," akasema.

Nikasema. Akasema hapana, rudia. Nikarudia, akanisahihisha mahali pengine, polepole, neno kwa neno, kwa sauti isiyo na joto wala ubaridi. Mara ya tatu sauti yangu ilikatika katikati, akangoja nimalize kulia, akasema anza tena.

Mara ya nne akasema, "Hapo sasa ataelewa," na nikasikia viatu vyake vikienda.